Kabla ya viazi, anza na picha tatu

Viazi mviringo nimevila tangu utotoni hapa Uyole, Mbeya, na sikujua kwamba vimewahi kutengeneza picha za rangi. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walichukua punje za wanga wa viazi, wakazitia rangi ya chungwa, kijani na zambarau, wakazitandaza kwenye kioo. Mianya wakaiziba kwa unga wa mkaa, kisha juu wakapaka dawa ya picha. Vioo hivyo, autokromu, viliingia sokoni mwaka 1907. Kila punje ilikuwa kichujio cha rangi.

Nikakwangua viazi, nikachuja wanga, nikautia rangi. Miezi miwili nilipata mabonge tu. Kama nawe umevutiwa, nakusihi usianzie huko. Anza na njia iliyotangulia, ambayo mwanafizikia James Clerk Maxwell aliionyesha London mwaka 1861: kitu kimoja unakipiga picha mara tatu kwa nyeusi na nyeupe, kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha bluu. Kila picha ukiimulika kwa rangi ya kichujio chake na zote zikaangukia mahali pamoja, rangi za kitu zinarudi.

Ukitumia filamu, hakikisha ni panikromatiki, yaani inaiona rangi nyekundu pia. Kwa sababu hiyohiyo usiifungue chini ya ile taa nyekundu ya chumba cha giza. Niliunguza roli nzima hivyo, na hapa Mbeya roli haipatikani kirahisi. Isafishe katika giza totoro.

Huna filamu? Simu inatosha kujifunzia, pamoja na nailoni za kufungia zawadi, nyekundu, ya kijani na ya bluu, ziwe vichujio mbele ya lenzi. Iegemeze isitikisike hata kidogo, uizuie isijirekebishe mwanga yenyewe, kisha zipandanishe picha kwenye kompyuta.

Adui mkubwa ni mwendo. Mpiga picha Mrusi, Prokudin-Gorsky, alipiga hivi maelfu ya picha, na maji ya mito yake yana michirizi ya rangi kwa sababu hayakumsubiri. Mawingu ya mlima wetu Loleza nayo hayasubiri. Mimi hungoja asubuhi tulivu ya kiangazi, jua likishapanda. Pale sokoni Mwanjelwa nilipiga picha meza ya nyanya, karoti na parachichi. Nyanya zilitoka nyekundu kabisa, nami nikatetemeka kwa furaha. Mkono wa mama muuzaji, uliopita katikati, ulitoka mara tatu: mwekundu, wa kijani, wa bluu. Picha hiyo nimeitundika sebuleni.