Tenzi za Babu Zimebaki PDF Peke Yake: Je, Zitarudi Word?

SWALI: Assalamu alaykum fundi. Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Langoni, Lamu. Nilichapa tenzi za marehemu babu yangu kwenye Word kwa safu mbili: kulia herufi za Kiarabu kama alivyoziandika mwenyewe, kushoto herufi za Kirumi ili vijana wasome. Mchapaji wa Mombasa alitaka PDF, nikampelekea. Baadaye kompyuta ikafa na Word ikapotea nayo. Sasa nataka kusahihisha beti kadhaa, na nilichonacho ni PDF tu. Rafiki yangu aliniambia nifute "pdf" mwishoni mwa jina la faili niandike "docx". Word ikasema faili limeharibika. Nikaenda saiba, kijana akaligeuza kwenye tovuti fulani. Upande wa Kirumi ulikuja mistari imekatikakatika, na upande wa Kiarabu herufi zimeachana na maneno yanasomeka kinyume. Kijana mwengine anasema ana programu ya nguvu, atanirudishia kila kitu kama kilivyokuwa kwa shilingi elfu tatu. Nimpe?

JIBU: Waalaykumu ssalamu, Ustadhi. Usimpe. Na kama umeshampa kianzio, kadai.

Habari ya kubadilisha jina sitaitilia maneno mengi. Programu huangalia kilichomo ndani ya faili. PDF huanza na herufi %PDF, na docx ni furushi la zip lililojaa mafaili ya XML. Ukitaka kuhakikisha, chukua nakala ya docx yoyote isiyo na thamani, iite zip, uifungue: utakuta kabrasha linaloitwa word, na ndani yake document.xml yenye maneno yako yote. Word ilikuwa ikitafuta furushi hilo, ikakuta kitu kingine. Rudisha jina la zamani. PDF yako haijadhurika.

Kinachonichosha ni hili la pili, maana nalisikia kila wiki hapa Malindi kutoka kwa makarani, wanafunzi wa chuo, hata mawakili: kwamba PDF ni Word iliyotiwa kufuli, na anayehitajika ni mtu mwenye ufunguo. Hakuna kufuli, na Word haimo humo ndani. Adobe walipoitoa PDF mwaka 1993 walitaka ukurasa uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa, basi. Kwa hiyo kilichohifadhiwa ni maagizo ya kuchora: herufi hii, kwa fonti hii, kwa ukubwa huu, iwekwe hapa. Aya haimo. Jedwali halimo. Mara nyingi hata nafasi kati ya neno na neno haimo, ni pengo tu lililoachwa baina ya michoro miwili. Ni kama picha ya bao iliyopigwa mchezo ukiendelea: kete unaziona zilipolala, lakini nani alikula na nani alitakata, picha haisemi. Zipo PDF zinazobeba alama za muundo, kwamba hiki ni kichwa na hili ni jedwali, na hizo hugeuzwa kwa unafuu kidogo. Hata hizo hazibebi ile Word.

Kwa hiyo kila programu inayogeuza PDF kuwa Word, ya bure au ya pesa, inabahatisha. Inaona mstari umeishia hapa, inadhani aya imeisha, inakata. Inaona safu mbili, inazitia kwenye visanduku vinavyoelea. Inaona namba ya ukurasa, inaipachika katikati ya ubeti. Word yenyewe tangu toleo la 2013 inafungua PDF, lakini kabla haijafungua inakuonya kwamba matokeo huenda yasifanane na asili. Kampuni iliyoitengeneza Word inasema hivyo, halafu kijana wa meza ya pembeni anakuahidi "kama kilivyokuwa". Nguvu anayoisifia, aghalabu, ni tovuti ileile uliyokwisha kuonja matunda yake, au programu ya kulipia iliyovunjwa na kupitishwa flashi kwa flashi pamoja na virusi vyake.

Upande wa Kirumi basi una nafuu. Mistari iliyokatika kwenye barua ni balaa, lakini kwenye utenzi mistari inatakiwa ikatike. Utaziunga beti kwa jioni chache.

Upande wa Kiarabu ndio mzito. Katika Word, herufi ba huhifadhiwa kwa namba moja ya Unicode (orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake), U+0628, ikiwa mwanzo wa neno, katikati au mwisho. Kuiunganisha na jirani zake ni kazi inayofanywa wakati wa kuionyesha. PDF huhifadhi mchoro uliokwisha kuunganishwa. Ikiwa fonti iliyomo haikuja na orodha ya kusema mchoro huu ni herufi ipi, anayegeuza anaokota michoro isiyo na majina. Na orodha ikiwepo, pengine inampa umbo la herufi badala ya herufi, maana Unicode ina eneo la maumbo ya Kiarabu lililowekwa kwa ajili ya mifumo ya zamani. Hapo ndipo herufi zako zilipoachana. Kusomeka kinyume kumetokana na michoro kuokotwa kutoka kushoto kwenda kulia jinsi ilivyokaa kwenye ukurasa. Ile alama ya docx inayosema aya hii inaanzia kulia haikuvuka kuingia PDF.

Kisha kuna harakati, yaani alama za irabu, na hizi ndizo zinazonitia hofu kuliko herufi zilizoachana. Fat-ha, kasra na dhumma zimechorwa peke yake, juu au chini, na programu inalazimika kukisia kila moja ni ya herufi gani. Neno lililopinduka utaliona mara moja. Kasra iliyohamia kwa jirani huioni, kwa kuwa haiachi fujo, inatengeneza neno jengine, na kina cha mwisho wa ubeti kinakaa juu ya alama hiyohiyo. Ongeza پ, چ na ڤ, herufi za p, ch na v, ambazo fonti nyingi zilizotengenezwa kwa Kiarabu pekee hazina, na programu ikaziazima kutoka fonti nyingine bila kukuambia. Atakayekuletea kazi hiyo akisema imekamilika hajaisoma, na huenda hawezi kuisoma.

Usishawishike pia na anayetaka kuichapisha PDF, kuiskani, kisha kuisomesha kompyuta. Tesseract, programu ya bure ya kusoma picha, ina data ya Kiarabu na ina data ya Kiswahili, lakini ile ya Kiswahili inajua herufi za Kirumi tu, na ile ya Kiarabu imefunzwa lugha ya Kiarabu. Kiswahili cha babu yako kimekaa katikati, hakuna anayekijua.

Hizo elfu tatu, kama zipo, zina kazi bora. Kompyuta kufa si diski kufa. Hewa yetu ya chumvi huila bodi na soketi, na diski ikabaki nzima ndani yake. Mpe fundi aitoe, aitie kwenye kasha la USB, anakili mafaili yako mbele yako. Asiweke Windows upya kwanza, asifomati chochote. Akianza kuzungumzia hayo, chukua kompyuta yako uondoke. Wakati huohuo tazama barua pepe ulizotuma, WhatsApp uliyochati na mchapaji, flashi iliyo kwenye droo ya madrasa, na yeyote uliyempa akusomee kabla ya kuchapwa. Watu huniletea PDF wakilia, kumbe docx ya mwezi uliotangulia iko kwenye simu ya shemeji.

Ikikosekana kabisa, nakili upande wa Kirumi kutoka kwenye PDF, na upande wa Kiarabu uchape upya. Tumia Amiri au Scheherazade New, fonti za bure zenye پ, چ na ڤ zote, na chapa ukitazama mswada wa babu mwenyewe, usitazame PDF, ili usirithi makosa uliyotaka kuyasahihisha.

Na sasa nisemeshe wengine wanaosoma hapa, kwa kuwa tenzi si siri, zitachapwa. Lakini tovuti ileile, kwenye kompyuta ileile ya saiba, ndiyo inayopandishiwa hati za mashamba, vitambulisho, cheti cha PIN, wasia na vyeti vya ndoa, eti vigeuzwe Word ili tarehe irekebishwe. Faili linakwenda kwenye seva usiyoijua, katika nchi usiyoijua, na nakala inabaki kwenye kompyuta ambayo baada yako atakaa mtu mwengine. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo la wazi: baadhi ya tovuti za kugeuza mafaili bure hurudisha faili lililogeuzwa kweli, likiwa limebeba programu hasidi, na huchota namba za siri na taarifa za benki kutoka humo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na mwenye saiba anayepokea kitambulisho chako hayuko nje ya sheria hiyo. Lakini sheria haitakurudishia hati iliyokwisha kusafiri. LibreOffice ni ya bure na inafungua doc, docx, rtf na odt na kuzitoa PDF bila intaneti. Hakuna sababu ya kuipeleka hati ya shamba la Mpeketoni ikatalii dunia ili igeuzwe kuwa PDF.

LibreOffice hiyohiyo, unapotoa PDF, ina kisanduku cha kutia hati ya ODF, yaani hati ya asili inayoharirika, ndani ya PDF. Mpokeaji anaona PDF ya kawaida. Wewe ukiifungua kwa LibreOffice unapata hati yako kamili, jedwali, harakati na yote. Hiyo ndiyo PDF inayorudi kweli, kwa kuwa asili yake imo ndani. Kwa kitabu kijacho kitie alama kisanduku hicho.

Mwisho, Ustadhi, umesema beti kadhaa. Kama ni kurasa nne au tano, huna haja ya kugeuza kitabu kizima. Muulize mchapaji ukubwa wa karatasi na pambizo, chapa kurasa hizo tu kwenye hati mpya kwa fonti ileile, zitoe PDF, kisha kwa PDFsam, nayo ya bure, toa kurasa za zamani utie mpya mahali pake. Angalia tu ubeti wa mwisho wa kila ukurasa mpya uishie pale ulipoishia wa zamani, namba zisisogee.