Viti vya Nyuma Vinawaka Moto? Usikimbilie Gesi

Septemba na Oktoba hapa Tabora, mvua zikiwa bado hazijafika, ndani ya Noah ya zamani kuna nchi mbili: mbele wanaomba AC ipunguzwe, nyuma wanajipepea kwa kanga. Ukifika gereji utaambiwa, "Tujaze gesi tu, bosi." Mimi gesi naiweka mwisho kabisa. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua, inavuja mahali, na ukijaza bila kuziba hapo utarudi kujaza tena.

Anza na upepo. Noah nyingi zina kipoozeo cha pili nyuma, chenye feni yake. Iwashe, weka kiganja kwenye matundu ya nyuma. Upepo ukitoka kwa kusuasua, huenda vumbi limejaa kwenye feni na kipoozeo, au tundu la kuvutia hewa limezibwa na magunia. (Sisi na magunia!) Hapo dawa ni kufungua na kusafisha.

Upepo ukiwa mkali lakini vuguvugu, shughuli iko chini ya gari. Bomba za AC ya nyuma hupita huko, zikila mawe na kutu kila ukienda vijijini. AC ikiwa inafanya kazi, bomba nene linalorudi mbele linapaswa kuwa la baridi. Kama si baridi, muulize fundi swali moja: hizi bomba zimewahi kuzibwa? Maana zikivuja, wapo wanaoziziba kabisa gesi isifike nyuma, ili mbele ipoe, halafu gari linauzwa, na mnunuzi haambiwi kitu. Kuzirudisha ni gharama kweli, lakini ndiyo matengenezo yenyewe: bomba jipya, draya (kichujio kinachonyonya unyevu kwenye gesi) mpya, hewa na unyevu vivutwe kwa pampu, ndipo gesi iingie kwa uzito ulioandikwa kwenye stika ya chini ya boneti. Ikizidi, ubaridi hupungua vilevile. Gari la kabla ya katikati ya miaka ya 1990 huenda lilitumia gesi ya zamani, R12; usikubali ichanganywe na ile iliyokuja baada yake, R134a.

Kama inapoa ukiwa mwendoni kuelekea Nzega, lakini ukisimama mjini inageuka joto, mtuhumiwa wa kwanza ni feni ya kondensa (ile kama rejeta iliyo mbele ya gari, inayotoa joto la gesi nje), au kondensa yenyewe imejaa vumbi na wadudu. Ioshe kwa maji ya taratibu. Presha kali hulaza mapezi yake, vile vibati vyembamba.

Gari lako halina AC ya nyuma? Fungua vioo kwanza joto la juani litoke, kisha funga, weka hewa ya mzunguko wa ndani, feni ya mbele juu, na matundu ya katikati yaelekeze darini ili ubaridi uvuke viti. Pazia kwenye vioo vya nyuma zinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Vile vifeni vya volti 12 havipoozi chochote, vinasukuma tu ubaridi uliopo kwenda nyuma, na kwa familia yangu hilo limetosha. Ila fundi asiunge waya wa vifeni hivyo kwenye taa ya dari. Dai viwekewe njia yao ya umeme yenye fyuzi.