Bolognina, Bologna: mambo ya kila siku mtaani na maana yake

Dada, umeeleza kwamba mdogo wako anakuja Bologna, Italia, mwezi wa Septemba kusoma, kwamba amepata chumba mtaa wa Bolognina, nyuma ya kituo cha treni, na ungependa kujua ataona nini akifungua mlango asubuhi, kwa kuwa picha za mtandaoni zinaonyesha minara na makanisa tu. Nimeishi mtaa huo huo miaka sita, nami nilitoka Unguja nikiwa na umri kama wake, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu, hasa kuhusu yale niliyokuwa nikiyaona kila siku bila kuyaelewa.

La kwanza ni portici, yaani vibaraza virefu vyenye nguzo na matao vinavyopita chini ya ghorofa za nyumba, ambamo watu hutembea wakikingwa jua na mvua. Bologna ina takriban kilomita 62 za vibaraza hivi, na mwaka 2021 UNESCO iliviingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Sisi tuliokulia Mji Mkongwe tunalijua baraza: ni la mwenye nyumba, lakini mpita njia hafukuzwi. Hapa nako sakafu ya kibaraza mara nyingi ni mali ya mwenye jengo, na ni juu yake kuitunza, ila njia ni ya watu wote. Ndiyo maana asubuhi na mapema atamwona mwenye duka akiosha vigae mbele ya mlango wake kwa ndoo na fagio, kwa bidii ile ile ambayo bibi yangu alikuwa akifagia nje kabla ya chai. Chanzo cha vibaraza hivi ndicho kilichonifanya niupende mji huu. Katika karne za kati Bologna ilijaa wanafunzi na watu waliokuja kutafuta kazi, vyumba havikutosha, na wenye nyumba wakaanza kuzitokeza ghorofa za juu upande wa barabarani, zikishikiliwa na nguzo za mbao. Mwaka 1288 mji ukaweka sheria kwamba nyumba zijengwe na kibaraza chenye kimo kisichopungua futi 7 za Bologna, karibu mita 2.66, ili aliyepanda farasi aweze kupita. Kwa hiyo mdogo wako atakapokuwa anatembea chini ya matao hayo siku ya mvua bila mwavuli, ajue kwamba nafasi ile ilizaliwa kwa ajili ya wageni waliotafuta chumba kama yeye.

La pili, na kwa maoni yangu ndilo muhimu kuliko yote, ni kengele za mlangoni. Kila jengo lina kibao cha vitufe, wanakiita citofono, na kando ya kila kitufe pameandikwa jina la ukoo la anayeishi humo, si namba ya chumba. Ukikisoma kibao kimoja cha Bolognina umeusoma mtaa mzima: majina ya familia za wafanyakazi wa viwandani na wa reli, majina ya waliohamia kutoka kusini mwa Italia, kisha ya Wachina, Wabangladeshi, Wamoroko na Waromania, mengine yamechongwa kwenye shaba, mengine yameandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa kwa selotepu. Mimi nilidhani ni urembo tu. Mwenye nyumba wangu aliahidi kuliweka jina langu, wiki zikapita, nami nikaona haya kumkumbusha. Kumbe ukijiandikisha kuwa mkazi, halmashauri ina siku 45 za kuhakikisha kwamba kweli unaishi pale ulipotaja, na anayetumwa kuhakiki huanzia kwenye kengele. Alikuja, hakuliona jina, akaondoka, na shauri langu likachelewa sana. Siku niliyopata habari hiyo niliandika jina kwenye karatasi na kulibandika mwenyewe. Jioni yake mama mmoja wa ghorofa ya pili, mzaliwa wa Puglia, kusini mwa Italia, ambaye kwa miezi mitatu tulikuwa tukipeana «buongiorno», yaani habari za asubuhi, peke yake, alinisimamisha kwenye ngazi akalitamka jina langu silabi kwa silabi, akauliza kama amelitamka sawa. Tangu hapo tukawa majirani. Tafadhali mwambie mdogo wako abandike jina siku ile ile atakayopewa funguo.

Akitoka nje ataona kibao cheusi au cha buluu chenye herufi kubwa T nyeupe. Hilo ni duka la tumbaku, lakini hata asiyevuta sigara hawezi kuishi bila duka hilo, kwa sababu humo ndimo panapouzwa tiketi za basi, hulipiwa bili, na hupatikana stempu ya serikali ya euro 16 anayohitaji kwa ajili ya maombi ya kibali cha ukaazi, ambayo inambidi ayapeleke ndani ya siku 8 za kazi tangu aingie nchini. Msalaba wa kijani unaowaka ni duka la dawa. Utepe wa rangi ya waridi au wa buluu uliofungwa kwenye mlango wa jengo unatangaza kwamba humo amezaliwa mtoto, binti au mvulana, na anayepita akimpongeza mwenye nyumba hakosei.

Kwenye baa, ambayo hapa kwanza ni mahali pa kahawa, watu husimama kaunta, hunywa kikombe kidogo kwa mikupuo miwili mitatu na kuondoka. Wazee ndio wanaokaa, wakicheza karata meza za nyuma, na wengine husimama kando ya uzio wa ujenzi, mikono nyuma, wakiwatazama mafundi na kuwashauri. Hao wana jina lao kwa lahaja ya Bologna, umarell. Niliwapenda tangu mwanzo, maana ni wazee wa barazani kabisa, isipokuwa wao wamesimama. Sokoni, asishike tunda kwenye meza ya muuzaji. Aseme anachotaka achaguliwe. Na apite kwenye duka la tambi mbichi awaone akina mama wakisukuma donge kwa mti mrefu kuliko ule wetu wa chapati, hadi liwe jembamba kama shuka.

Kiangazi kina mambo yake. Joto la Bologna ni la unyevu, na mchana madirisha yote hufungwa kwa milango ya mbao yenye mianya. Rafiki zangu wa kutoka bara walidhani nyumba zimehamwa, lakini mimi niliona Shangani, mtaa wa kwetu Mji Mkongwe. Jua likizama madirisha hufunguliwa, na kutoka ua wa ndani husikika sahani, redio na watu wakiitana. Mwezi wa Agosti maduka mengi hubandika karatasi iliyoandikwa «chiuso per ferie», yaani wenyewe wako likizo, na mnamo tarehe 15 hata mkate hutafutwa.

Ila tarehe 2 Agosti mji haulali. Kwenye ukuta wa nje wa kituo cha treni kuna saa iliyosimama saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi. Mwaka wangu wa kwanza niliipita mara nyingi nikiwaza kwamba mji tajiri kama huu umeshindwaje kutengeneza saa. Kumbe saa hiyo hiyo, tarehe 2 Agosti 1980, bomu lililipuka katika chumba cha kungojea cha kituo hicho na kuua watu 85. Kila mwaka watu huandamana hadi hapo na kukaa kimya dakika hiyo ikifika. Yule mama wa Puglia ndiye aliyenichukua mara ya kwanza, akanishika mkono muda wote. Mdogo wako atakaposhuka treni, atokee mlango wa mbele, asimame kidogo chini ya saa ile, kisha ndipo avuke daraja la Via Matteotti aje mtaani kwetu.