Utafiti wa uuguzi usomeni kuanzia katikati

Wadogo zangu mnaoingia wodini mwaka huu, hasa ninyi mliopangiwa afya ya akili bila kuiomba, wiki mbili hizi nimekuwa nikisahihisha kazi zenu za mapitio ya tafiti. Sentensi moja imejirudia karibu kwenye kila karatasi: "Utafiti umeonesha kuwa afua hii ina ufanisi." Nikimwita mwenye karatasi na kumuuliza afua yenyewe, yaani hatua iliyochukuliwa kumsaidia mgonjwa, ilikuwa nini, nani aliifanya, kwa dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, ananitazama tu. Amesoma muhtasari wa mwanzo na hitimisho la mwisho. Sehemu ya mbinu, pale katikati, ameiruka kwa sababu ina majedwali na maneno magumu.

Nawaelewa. Nami nilisoma hivyo miaka yangu yote ya diploma. Lakini huko katikati ndiko kazi yetu ilipo. Matokeo yanakwambia kilichotokea kwa watu wengine mahali pengine. Mbinu inakwambia mikono ya muuguzi ilifanya nini, na hilo ndilo unaloweza kulibeba kwenda nalo kwenye zamu yako.

Chukueni mfano wa nyumbani, japo ni wa chumba cha kujifungulia. Mwaka 2010 katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Wengi wenu mmeyapitia kwa yule mwanasesere: unamkausha, unamsugua mgongo, asipolia unamwekea maski na kuanza kubonyeza begi kabla dakika ya dhahabu, ile ya kwanza baada ya kuzaliwa, haijaisha. Baadaye watafiti, wakiongozwa na Hege Ersdal, walipima mambo mawili. La kwanza, wahudumu wanafanyaje mbele ya mwanasesere? Walikuwa wamepanda sana. La pili, wanafanyaje kwa watoto wa kweli wanaozaliwa usiku na mchana hapo hapo hospitalini? Hapo huduma haikubadilika. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na nawaomba muyakumbuke kila mtakapopewa cheti cha semina ya siku moja.

Hawakuishia hapo. Walifanya kama tunavyofanya dawa isipofanya kazi: walibadilisha dozi. Mazoezi yakaletwa pale pale kazini, dakika 3 hadi 5 kila wiki, na mara moja kwa mwezi kipindi kirefu zaidi cha marudio. Mwanasesere ni yule yule na hatua ni zile zile. Makala ya mwaka 2015, ambayo mwandishi wake wa kwanza ni Estomih Mduma, inaonesha kuwa vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Sasa someni katikati ya makala hiyo. Mtaona ni ulinganisho wa kabla na baada, katika hospitali moja, bila kundi linganishi. Mwenye macho makali atauliza: je, katika muda huo hakukuwa na jambo jingine lililobadilika? Swali hilo ni halali, na ndiyo sababu kazi iliendelea. Mwaka 2025 yalitoka matokeo ya mpango mpana zaidi uliofanyika katika hospitali 30 za mikoa mitano ya Tanzania. Safari hii mikoa iliingia kwa zamu iliyopangwa kwa bahati nasibu, hivyo ile iliyokuwa bado inasubiri ikawa ya kulinganishia na ile iliyokwisha kuanza. Vifo vya watoto wakati wa kuzaliwa na mara baada ya kuzaliwa vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalikuwa moja ya nguzo zake.

Nimekaa sana kwenye mifano ya chumba cha kujifungulia kwa makusudi, maana afya ya akili ina tatizo lile lile, ila huku kosa halionekani haraka. Mtoto asipopumua kila mtu chumbani anajua. Mama aliyeulizwa vibaya kuhusu huzuni yake anakwenda nyumbani kimya, na faili linasema yuko salama.

Nitawaeleza la kwangu. Nikiwa mgeni kazini nilisaidia kukusanya takwimu katika kliniki moja kwa kutumia PHQ-9, lile dodoso la maswali tisa ambalo mtalikuta kila mahali. Kila swali lina alama 0 hadi 3, jumla ya juu ni 27, na kwa kawaida 10 na kuendelea ndipo tunapoanza kufikiria sonona, yaani huzuni iliyogeuka ugonjwa, kwa uzito. Akaja mama mmoja wa makamo, kadi zake ziko kwenye mfuko wa plastiki, ameukumbatia. Nikaanza kusoma, macho kwenye karatasi: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu au furaha ya kufanya mambo?" Mlango ulikuwa wazi. Mgonjwa aliyefuata alikuwa amesimama kizingitini.

"Hapana, sista."

Swali la pili, hapana. La tatu, hapana. Yote tisa, hapana. Nikajumlisha sifuri, nikaandika, nikamshukuru. Alipokuwa anajifunga kanga ili aondoke akasema, kama anayejisemea mwenyewe: "Mimi siumwi hivyo, sista. Mimi nina mawazo tu. Usiku silali, moyo unanienda mbio." Nilikuwa na sifuri mkononi na mgonjwa mbele yangu, na ilibidi nichague kimoja. Nikafunga mlango, nikavuta kiti nikaweka upande wake wa meza, nikamwambia, "Kaa kwanza, mama, nieleze hayo mawazo." Tulikaa nusu saa. Foleni ilinung'unika.

Dodoso halikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, na limo kwenye zile sehemu mnazoziruka: chombo kilitafsiriwaje, kilijaribiwa kwa watu gani, nani aliuliza, mahali gani. Mwaka 2008 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha kazi kuhusu chombo cha maswali 19 cha kutambua sonona, kilichotengenezwa hapa hapa Tanzania. Ukikisoma unaelewa kwa nini walijisumbua wakati vyombo vya kigeni vilikuwepo tayari. Mtu wetu haji kliniki akasema ana sonona. Anasema ana mawazo, kichwa kimejaa, mwili hauna nguvu, moyo mzito. Usipoyajua maneno hayo utauliza vizuri kabisa na usisikie kitu.

Kuhusu swali la tisa, lile la kuwaza kwamba ni heri ufe au kutaka kujidhuru, wengi wenu mnalisoma haraka kwa sauti ya chini kama mnaomba radhi. Wengine mnaogopa kwamba kuuliza kutampandikizia mtu wazo. Hapana kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa wahudumu wasio mabingwa unasema wazi kuwa kuuliza hakumsukumi mtu kujidhuru, na mara nyingi kunampunguzia mzigo. Uliza taratibu, ukimtazama. Akijibu ndiyo, weka kalamu chini. Muulize kama amepanga namna ya kufanya na kama ana kitu cha kufanyia. Usimwache peke yake hata kwa dakika moja, na mwite msimamizi wako. Maswali mengine ya utafiti yatasubiri.

Kuna utafiti mmoja mnaoupenda sana, ule wa benchi la urafiki kutoka Zimbabwe, na wengi mmeuandika kwa namna inayonikwaza. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, na wenzake waliufanya katika kliniki 24 za Harare, washiriki 573, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wanawake wa jamii, wengi wao watu wazima wanaoitwa bibi, walikaa na mgonjwa kwenye benchi la mbao uwanjani mwa kliniki na kumsaidia kuchambua matatizo yake moja baada ya jingine, kwa vikao sita. Walianzia kwenye neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kuwaza kupita kiasi, na walipima kwa dodoso la Kishona la maswali 14. Baada ya miezi sita wastani wa alama za dalili ulikuwa 3.81 kwa waliopita kwenye benchi na 8.90 kwa kundi linganishi.

Kundi linganishi lilihudumiwa na nani? Na wauguzi. Ndipo mmoja wenu akahitimisha kuwa bibi wanajua kuliko sisi. Rudi katikati, mdogo wangu. Bibi alikuwa na vikao sita, mahali pa kukaa, mpangilio wa mazungumzo uliofundishwa, na wa kumsimamia. Wauguzi walitoa huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo: tathmini, ushauri mfupi, maelezo, dawa panapohitajika. Utafiti haukupima nani ana moyo zaidi. Ulipima dozi ya huduma na utaratibu wake. Mimi nausoma kama hoja ya kudai muda na mafunzo, na pia ya kufanya kazi bega kwa bega na wahudumu wa afya ngazi ya jamii bila kuwaonea wivu.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote ni wa wodi za akili za Uingereza, uitwao Safewards, ulioongozwa na Len Bowers, profesa wa uuguzi wa magonjwa ya akili. Ulichapishwa mwaka 2015, ukihusisha wodi 31 katika hospitali 15. Afua zake kumi ni vitu vidogo hivi kwamba mtu anaweza kuvidharau: namna ya kumwambia mgonjwa hapana bila kumvunjia heshima, kumwahi kabla hajapata habari mbaya, wagonjwa na wauguzi kufahamiana kidogo kama watu. Wodi za upande wa pili, zile za kulinganishia, nazo zilipewa kitu, mpango wa afya ya mwili ya wafanyakazi, ili tofauti isiwe tu kwamba upande mmoja umetembelewa na watafiti. Migogoro wodini ilipungua kwa asilimia 15, na hatua za kudhibiti kwa nguvu, kama kufungia, kushika na sindano za kutuliza, zilipungua kwa asilimia 26.4.

Afua mojawapo inasema: wakati wa kukabidhiana zamu, sema jambo jema kuhusu kila mgonjwa. Niliijaribu kwenye wodi niliyokuwa naongoza. Ripoti yetu ya zamani ilikuwa hivi: "Kitanda cha sita, msumbufu, kapiga kelele usiku kucha, kachomwa sindano." Tukaanza kusema: "Kitanda cha sita alipiga kelele mpaka saa saba usiku, akatulia alipopewa chai na mtu wa kukaa naye. Asubuhi kamsaidia mzee wa kitanda cha tano kukunja shuka." Ripoti ya pili ni ndefu kidogo tu, lakini anayepokea zamu anajua pa kuanzia, na hamwendei mgonjwa akiwa ameshakunja uso. Wodi moja, wiki chache, hakuna ulinganisho: sithubutu kuuita ushahidi. Ila bado nafanya hivyo kila asubuhi.

Neno kuhusu akili zenu wenyewe, maana wawili wenu mmenifuata mkilia ofisini. Linda Aiken na wenzake walichunguza hospitali 168 za Pennsylvania, Marekani, na mwaka 2002 wakaripoti kuwa kila mgonjwa mmoja anayeongezeka kwa muuguzi uliambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa muuguzi kuchoka hadi ndani ya nafsi. Mwaka 2014, katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, mgonjwa mmoja wa ziada kwa muuguzi uliambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30, na kila nyongeza ya asilimia 10 ya wauguzi wenye shahada uliambatana na upungufu wa asilimia 7. Nimeandika "uliambatana" kwa makusudi, kwa kuwa tafiti hizi zinaonesha uhusiano na hazikugawa wauguzi kwa bahati nasibu. Tarakimu za Ulaya msizibandike kwenye wodi zetu kama zilivyo. Lakini ukijikuta peke yako usiku na wagonjwa arobaini, halafu asubuhi machozi yanakutoka bila sababu, usikimbilie kudhani una moyo dhaifu. Mwambie mtu siku hiyo hiyo. Mlango wangu unajulikana.

Mradi wenu wa mwisho ufanyeni mdogo. Chagueni kitu kimoja kinachofanyika kwa mikono au kwa maneno. Dodoso lijaribuni kwanza kwa akina mama watano, mwaulize kila swali wamelielewaje kwa maneno yao, na msianze kabla ya kibali cha maadili kutoka. Mkiniletea rasimu, nitafungua ukurasa wa mbinu kabla ya ukurasa mwingine wowote. Nitatafuta dakika ngapi, mara ngapi, nani aliuliza, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, na namba ya simu ya mtu atakayeitwa pale jibu la swali la tisa litakapokuwa ndiyo.