Bastola nyembamba: kiunoni ni raha, mkononi ni deni

Vijana wanaoingia kwenye kazi ya kusindikiza fedha na dhahabu hapa Mwanza huniuliza kuhusu bastola nyembamba kabla hata hawajaijua zamu yao. Siwalaumu. Joto letu halimruhusu mtu kushinda na koti, na anayezunguka mwalo wa Kirumba na shati jepesi juu ya bastola nene hajaficha kitu. Akiinama kidogo tu kukagua gunia la dagaa, shati linapanda, kitako, yaani sehemu ya kushikia, kinachungulia, na wapagazi wote wameshajua nani kabeba nini.

Kwa hiyo hoja ya kuhamia kwenye silaha nyembamba ninaielewa, na kwa wengi wenu ninaiunga mkono. Ninachokataa ni ile imani kwamba kwa kuwa ni ndogo, basi ni rahisi. Ni kinyume chake.

Chukua Glock 17, bastola nene ambayo jeshi la Austria liliichagua mwaka 1982 na ambayo wengi mmejifunzia. Magazini yake, kasha la risasi linaloingia kwenye kitako, ni nene kwa sababu risasi 17 zimepishana ndani yake. Glock 43X, ile nyembamba iliyotoka mwaka 2019, inabeba 10, na ikiwa tupu ni nyepesi kwa takriban robo nzima. Risasi ni ileile, milimita 9 kwa 19, yenye baruti ileile. Nguvu haijapungua, kilichopungua ni chuma na plastiki ya kuipokea, na inayobaki inaingia mkononi mwako. Ndiyo maana mtu aliyekuwa akikusanya matundu yake vizuri kwenye karatasi kwa silaha kubwa anashangaa siku ya kwanza matundu yametawanyika kama hajawahi kushika bastola.

Kabla hujachagua, jua jambo moja ambalo wauzaji hulipita haraka. Kinachotokeza chini ya shati ni kitako. Mtutu umelala ndani ya suruali, hauonekani. Glock 48 ina kitako kilekile cha 43X, ila slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, na mtutu wake ni mirefu zaidi. Mimi ningekushauri uichukue hiyo ndefu kama mwili wako unairuhusu: umbali kati ya vilengeo viwili unaongezeka, na kosa dogo la kulenga unaliona mapema. Mwenye tumbo anayekaa sana kwenye kiti cha gari atalalamika, na ana haki.

Upande wa sheria sitakaa sana, kwa sababu mtaambiwa polisi. Leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, inahusu wewe na silaha hiyo yenye namba hiyo. Hambadilishani bastola kama mnavyobadilishana simu, hata kwa siku moja, hata kwa ndugu. Anza na kibali, halafu ndipo uongee na duka.

Sasa imefika. Hakikisha chemba, pale risasi inapokaa tayari kupigwa, ni tupu, kwa macho na kwa kidole, ukiwa umeitoa magazini kwanza. Hiyo ni kila unapoishika, si siku ya kwanza tu. Kisha fungua kitabu chake usome, maana kila kiwanda kina yake: Glock mpya, kwa mfano, huja na grisi ya rangi ya shaba ndani ya slaidi, na kiwanda chenyewe kinasema usiifute. Nimeona watu wakiisugua kwa mafuta ya taa wakidhani ni uchafu wa safarini.

Kukoki, yaani kuivuta slaidi nyuma ili risasi ipande chemba, kutakusumbua. Slaidi fupi inahitaji springi ngumu, na mtu mwenye vidole vyembamba ataona haivutiki. Usiivute kwa ncha za vidole viwili. Ishike slaidi kwa kiganja chote kutoka juu, mtutu ukiwa umeelekea mahali salama, na mkono wenye kitako usukume mbele wakati huu mwingine unavuta nyuma. Kidole kiko nje ya triga muda wote huo. Magazini nazo zitagoma: risasi ya mwisho haitaki kuingia. Zijaze, ziache zimejaa siku kadhaa, zitalegea.

Uwanjani, ule ulioruhusiwa na chini ya msimamizi, nenda taratibu. Wazoefu wengi husema risasi 150 hadi 200 bila kujamu ndipo uiamini bastola mpya. Najua bei ya risasi na ugumu wa kuzipata, lakini hapa usibane. Magazini zako ziandike namba kwa kalamu ya wino mzito, 1 na 2. Silaha ikijamu, andika ni magazini ipi na ni risasi ya ngapi. Ikiwa ni namba 2 kila mara, tatizo ni magazini, na hujapoteza wiki nzima ukiilaumu bastola. Ganda likisimama wima kwenye dirisha la slaidi badala ya kuruka, kabla hujaita fundi tazama kiwiko na kifundo cha mkono wako. Bastola nyepesi ikishikwa kilegevu inarudi pamoja na mkono, slaidi haimalizi safari yake. Kaza, jaribu tena.

Na ukiona unapiga chini kushoto, nawe unatumia mkono wa kulia, vilengeo uviache kwanza. Unausubiri mlio. Mwombe mwenzako akuchanganyie risasi bandia moja au mbili kwenye magazini bila wewe kujua zilipo. Ikifika ile isiyolia, utauona mtutu ukichovya mbele ya macho yako mwenyewe, na hakuna mwalimu atakayehitaji kukueleza zaidi. Malizia mazoezi kwa risasi zenyewe utakazobeba kazini, walau magazini chache, kwa sababu umbo la kichwa cha risasi likibadilika, namna inavyopanda chemba nayo inaweza kubadilika.

Kuhusu kutu, watu hulisingizia ziwa. Maji ya Victoria hayana chumvi ya bahari, chumvi unayo wewe. Silaha nyembamba inakaa karibu na ngozi kuliko ile ya zamani, jasho linaingia kwenye vilengeo, skrubu na midomo ya magazini. Ukifika nyumbani itoe kwenye mkoba wake wa kiunoni, hasa mkoba wa ngozi unaonyonya unyevu, ifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, halafu ifungie. Na pamba za nguo zinazojikusanya nyuma ya slaidi zipige brashi kila wiki.

Mkoba wa zamani usiulazimishe. Bastola nyembamba ndani ya mkoba wa nene inacheza, inazunguka, siku moja utanyoosha mkono uikute imelala upande. Tafuta uliotengenezwa kwa modeli yako, mgumu, unaofunika triga yote. Nyingi ya bastola hizi hazina sefti ya kubonyeza kwa kidole gumba, kwa hiyo mkoba ndio unaoilinda triga isiguswe na kamba ya jaketi au pindo la shati. Wakati wa kuirudisha usiwe na haraka, hakuna anayekufukuza. Tazama mdomo wa mkoba, ondoa shati, ndipo uisukume ndani.

Kama kazini bado wanakupa ile nene kwa doria za usiku na unavaa nyembamba mchana, omba wakupangie moja kwa mwezi mzima. Vitufe haviko mahali pamoja, kidole kinatafuta kile cha kuachia magazini pale kilipokuwa jana. Wasimamizi wengine watasema unadeka. Waombe hivyo hivyo, kwa maandishi.