Barua kwa mwanangu aliye La Digue

Mwanangu,

Salama ya hapa Mombasa ni njema. Umeniuliza swali: wazee wa kisiwa cha La Digue, huko Shelisheli, unaowarekodi huongea Krioli, lugha yao ya kila siku, kutwa, ila ukiwaomba wimbo wa harusi wanautoa kwa Kifaransa, tena kingine kimepindapinda. Je, ukiandika maneno uyanyooshe?

Usinyooshe hata moja.

Hizo romans, yaani nyimbo hizo za harusi, zilikuja na walowezi wa Kifaransa, waliofika Shelisheli tangu 1770, wengi wakitokea Mauritius na Reunion. Uingereza ilikabidhiwa visiwa rasmi mwaka 1814, lakini Kifaransa hakikufungasha virago. Kilibaki kanisani na kwa wenye mashamba. Nyimbo zikapita kwa watu ambao lugha yao ya jikoni ilikuwa nyingine, na huko ndiko beti zilikokatika na maneno yakapata sura mpya. Ukimsahihisha bibi, utarudi na wimbo wa Ufaransa, na huo ungeupata bila kupanda boti. Andika alivyotamka. Makisio yako yaweke pembeni, kwa wino mwingine.

Kuhusu kamtole, ule muziki wa dansi wa huko wenye asili ya Ulaya, hapo mimi ni mkali. Usimketishe mpiga fidla peke yake sebuleni. Kontredans, mojawapo ya dansi zake, ina mtu anayetangaza hatua kwa sauti, na wapigaji humsikiliza yeye: akichelewesha zamu, wanazungusha kipande tena. Sauti yake ni sehemu ya muziki, hata ikifunika akodioni. Kwa dansi za mazok, kotis na polka pia, tafuta jozi mbili tatu za wachezaji, hata wakiwa wa magoti mabovu. Simu usiiweke kwenye meza wala sakafu ya mbao, miguu itakuharibia kila kitu. Ikalishe juu ya leso iliyokunjwa mara nne, mbali kidogo na pembetatu, kile chuma kinachogongwa, maana kina kelele kuliko umbo lake. Nilijifunza hivyo kwa akina mama wa vugo, ngoma ya harusi ya hapa kwetu, na pembe zao.

Najua ofisini kwako watakuhimiza moutya, ngoma ya huko yenye asili ya watumwa wa Kiafrika, kwa kuwa UNESCO iliiorodhesha 2021. Irekodi, nayo inatuhusu: kuanzia 1861 manowari za Kiingereza zilishusha huko watu waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wakiwa wa huku kwetu Afrika Mashariki. Ila usiwagawe wazee mafungu mawili, huyu wa Afrika, huyu wa Ulaya. Waulize tu: ulifundishwa na nani, uliimba wapi, nani alikuwa haruhusiwi kuuimba? Hilo la mwisho watalicheka kwanza. Nyamaza, wacha simu iendelee.

Na kabla hujapeleka chochote ofisini, mwachie kila mzee nakala yake, kwenye simu ya mjukuu.

Mama yako