Maswali yenu: tuongee ringi tena, vile vyuma vinavyofunga nondo za nguzo

Jengo letu Ngara, Nairobi, ni la 1968. Nimelimodeli kwa OpenSees, programu ya kompyuta ya kujaribu majengo kwa tetemeko, likitikiswa nguzo zinapinda kiasi tu halianguki. Tuko sawa?

Hapana. Elementi za faiba, vile vipande modeli yako imegawa nguzo, zinajua kupinda peke yake, nguzo ikikatwa na shia, yaani nguvu ya kukata kwa upande, hata hazijui kumetokea nini, na nyumba za enzi hizo mara nyingi shia ndio huziua. Ringi zilikuwa chache, zimeachana karibu futi nzima, ncha zimekunjwa digrii 90 badala ya 135, so zege ya nje ikibanduka tu zinafunguka, nguzo inapasuka mshazari halafu inaanza kuachilia mzigo wa juu. Ongeza kwa modeli springi za watafiti Elwood na Moehle, moja ya shia na moja ya mzigo wa wima, alafu uangalie nguzo jirani kama zitabeba kilichoachwa, hapo ndio utajua kama jengo linaenda chini. Anza kwa kujaribu modeli yako na ile hoteli ya orofa 7 ya Van Nuys, California, iliyojengwa 1966. Tetemeko la Northridge 1994 lilipasua nguzo zake za orofa ya nne kwa shia na bado ikabaki imesimama, na ilikuwa na mashine za kupima mtikisiko ndani kwa hivyo data ipo. Modeli isipopasua hizo nguzo, usiniletee ya Ngara.

Kwani Kenya kuna tetemeko?

Ai, tena? Subukia, 6 Januari 1928, ukubwa 6.9. Code yetu ya matetemeko ilitoka 1973, sasa piga hesabu jengo la 1968 lilifuata gani.

Kuta za mawe niziweke kwa modeli ama nitoe?

Weka, kila moja kama mkono wa mshazari unaosukuma fremu. Huku kwetu chini ni maduka wazi na juu vyumba vimejaa kuta, kwa hivyo mtikisiko wote unamalizikia kwa nguzo za maduka. Na ukuta ukiishia chini ya dirisha, nguzo iliyobaki wazi ni fupi, na fupi hukatika kwanza.

Nguvu ya zege niandike ngapi?

Toboa, toa sampuli, pima. Huruma, Nairobi, 2016 jengo lilianguka na hakuna kilichotikisika, mvua tu ilikuwa inanyesha, kwa hivyo usikisie zege.

Landilodi amepiga plasta mpya, nyufa zimeisha. Bado nihofie?

Mwambie akwangue hiyo plasta, nakuja na tochi.